Miezi minne ya mazoezi ya balansi nyumbani, Mtwara

Mimi ni dereva wa bajaji, naishi Chikongola. Binti yangu ana miaka 7. Mwaka jana aliugua homa ya uti wa mgongo. Akapona, lakini alipotoka wodini sikio la kushoto lilikuwa halisikii, na anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye jahazi sasa hivi. Akigeuza kichwa haraka, anashika ukuta. Majirani walisema yao, sitayarudia hapa.

Daktari wa masikio ndiye aliyetufumbua. Kumbe kazi ya sikio la ndani si kusikia tu. Lina vimfereji vitatu vyenye majimaji, vinavyoupasha ubongo habari kichwa kinaelekea wapi. Vya kushoto vimeharibika na dawa ya kuvirudisha hakuna, ila ubongo unaweza kuzoezwa kutegemea upande uliobaki, macho na nyayo. Akatuunganisha na dada mmoja wa mazoezi tiba anayepita majumbani, na huduma yake ndiyo ninayoisimulia.

Bei ni 25,000 kwa ziara, mara moja kwa wiki, nauli juu yangu. Ziara ya kwanza nilinuna, nakiri. Nilitegemea mashine, yeye kaja na chaki. Akachana kipande cha boksi, akaandika K kubwa kwa makapeni, akakibandika ukutani usawa wa macho ya mtoto. Kazi yenyewe: simama hatua mbili kutoka ukutani, macho yasiiachie K, kichwa kiende kulia na kushoto kama unayekataa uji. "K ikianza kucheza, punguza mwendo." Nusu dakika, pumzika, rudia. Halafu kutembea juu ya mstari wa chaki, kisigino kinagusa vidole vya mguu wa nyuma. Halafu kusimama juu ya godoro la sponji, macho wazi kwanza, kufumba baadaye.

Wiki ile mtoto alitapika mara mbili. Nikapiga simu kwamba tunaacha. Akanijibu, "Baba, kizunguzungu kidogo ndiyo darasa lenyewe. Kikiisha baada ya dakika chache, endeleeni. Kikikaa mpaka jioni, tumezidisha, tutapunguza." Nilikaa kimya, maana sisi tangu hospitali tulikuwa tunambeba, asikimbie, asigeuke, asiiname. Kumbe tulikuwa tunaunyima ubongo mazoezi.

Kwa hiyo anayetaka kulipia huduma hii ajue mapema: hela yako inanunua maelekezo tu. Kinachomsogeza mtoto ni zile dakika tano, mara tatu kwa siku, yule dada akiwa hayupo. Mimi alfajiri niko barabarani, hivyo mzigo ukamwangukia mama yangu. Alipomwona mjukuu juu ya mstari wa chaki akacheka: "Haya si ndiyo tuliyofundishwa na ndoo kichwani?" Akampa kikombe cha maji atembee nacho bila kumwaga. Mtaalamu alipoona akasema hilo nalo ni zoezi, liendelee.

Kipimo changu mimi ni umeme ukikatika, na sisi, pamoja na gesi yetu ya Mnazi Bay ya kuzalisha umeme, kukatika tunakujua. Mwanzoni taa ikizima alikuwa anakaa chini papo hapo, kwa sababu macho ndiyo yaliyokuwa yanamshikilia. Mwezi wa tatu ilizima akiwa katikati ya sebule. Nikasikia nyayo zinaburuzika kwenye mkeka, taratibu, mpaka mezani ilipo tochi. Sikusema kitu nisimshtue.

Kasoro zipo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kiingereza, mama yangu angeisomaje? Siku mbili dada alichelewa saa nzima bila simu. Na zoezi la kufumba macho alilianzisha godoro likiwa karibu na meza, mtoto akaanguka akapasua mdomo. Tangu hapo godoro linakaa kwenye kona ya kuta mbili, na mtu mzima nyuma yake. Msianze bila mtoto kupimwa na daktari, maana kizunguzungu kina sababu nyingi na si zote za sikio.

Ugomvi uliobaki ni wa bahari. Wenzake wanaogelea Shangani, naye kakatazwa kupiga mbizi: chini ya maji macho hayaoni vizuri, miguu haigusi kitu, mtoto kama yeye anaweza asijue juu ni wapi. Maji ya kiunoni tu, nami nikiwa pembeni. Kwa hilo hajamsamehe yule dada.

Sasa ziara ni mbili kwa mwezi. Boksi la K ya kwanza lililiwa na mende. Ya pili kaandika mwenyewe, ndogo nusu ya ile, anasema kubwa ni ya watoto.