Branchi ya Jumapili Rasi ya Msasani: Anzia Meza ya Nyuma

Jumapili moja ya mwezi Julai tulikusanyika marafiki watano, tuliojuana tulipokuwa tukifanya kazi katika ofisi moja pale Posta, tukaenda kula branchi ya bufee katika hoteli kubwa iliyo ufukweni kwenye Rasi ya Msasani, jijini Dar es Salaam. Jina la hoteli nimeliacha, kwa kuwa nina malalamiko mawili ambayo meneja wa zamu tayari ameyasikia kutoka kinywani mwangu, na ninapenda kumpa nafasi ya kuyashughulikia.

Bei ilikuwa shilingi 80,000 kwa mtu mzima, VAT ikiwa ndani, pamoja na chai, kahawa na juisi. Maji ya chupa yalilipiwa mbali, jambo ambalo mhudumu alitueleza kabla hatujaagiza. Kwa fedha hiyo mimi hula supu na chapati mtaani kwetu kwa muda wa karibu wiki tatu, kwa hiyo sikwenda pale nikiwa na moyo wa kusamehe mambo madogo.

Mlo wenyewe ulianza saa tano asubuhi na kumalizika saa tisa alasiri. Mwandishi Mwingereza Guy Beringer, aliyeupigia debe mlo wa namna hii mwaka 1895, alitaka kifungua kinywa na chakula cha mchana viunganishwe siku ya Jumapili ili aliyekesha kwenye starehe za Jumamosi asilazimike kuamka mapema. Wakazi wa Dar es Salaam kazi hiyo tulikwisha kuikabidhi kwa supu ya ng'ombe, chapati mbili na ndimu, inayoliwa kuanzia saa nne na watu wanaosema wameamka zamani. Nilikuwa na hamu ya kuona kama hoteli ya kiwango kile inalitambua hilo, na jibu nililolipata ni kwamba inalitambua, ila inaliona aibu.

Nasema hivyo kwa sababu ya mpangilio wa meza. Anayeingia hupokewa na mikate ya aina nane au tisa, jibini, soseji, tambi zenye mchuzi mweupe na saladi za baridi, vyote vikiwa vimepambwa kwa maua. Wateja wengi walijaza sahani hapo hapo na kurudi kukaa, na sisi tungefanya vivyo hivyo kama rafiki yetu wa Tanga asingenusa nazi. Aliifuata harufu hadi upande wa pili wa bwawa la kuogelea, karibu na mlango wa jikoni, akakuta meza ndefu isiyo na ua wala kibao, yenye supu ya kongoro, mtori, mbaazi za nazi, vitumbua, mkate wa kumimina na pweza wa nazi. Alirudi kutuita kwa mkono tu, mdomo ukiwa tayari una kazi.

Mtori ndio uliotuweka pale kwa saa nzima. Mwenzetu mmoja ni mwenyeji wa Marangu, na kwa kawaida hakuna mtori wa mjini anaoukubali, kwa madai kwamba wapishi wa hoteli huzisaga ndizi kwa mashine hadi zinakuwa uji wa mtoto. Huu ulikuwa umepondwa kwa mkono, ndizi zikiwa mshare, nyama ya mbavu imeiva hadi inaachia mfupa bila kuvutwa, na vipande vidogo vya ndizi bado vinakutana na ulimi. Alimaliza bakuli la kwanza kimya, akaenda kuchukua la pili, kisha akamuuliza mpishi kwao ni wapi. Alipojibiwa kuwa ni Rombo, alisema, "Basi kaka, hapo nimeelewa," na sifa kubwa zaidi ya hiyo sijawahi kumsikia akiitoa.

Pembeni yake palikuwa na dada aliyekuwa akichanganya urojo mbele ya mteja. Uchachu wa ukwaju na maembe ulikuwa sawa, bajia zilikuwa zimekaangwa muda huo huo, na alikuwa akiuliza kila mtu kiasi cha pilipili na chatne ya nazi kabla ya kumimina. Alimwamkia mkubwa wetu shikamoo, akamwekea mishkaki miwili ya ziada bila kuombwa, nasi tulionyimwa tukanung'unika kwa adabu. Mpishi wa mayai naye, baada ya kuulizwa kwa mzaha, alitukaangia chipsi mayai ambazo hazikuandikwa popote. Hii ndiyo faida ya chakula kinachopikwa unakiangalia, kwani hakina muda wa kuharibika kati ya jiko na sahani.

Pweza alinifundisha upande wa pili wa jambo hilo. Saa tano na nusu alikuwa laini, mchuzi umeshikana naye vizuri. Nilipomrudia saa saba na nusu, chombo kilikuwa kimeongezwa pweza mwingine aliyetolewa jikoni kwa haraka, na nilimtafuna hadi taya likachoka. Mbaazi za saa hiyo zilikuwa zimekauka juu na kujitenga na tui lake.

Sasa malalamiko. La kwanza ni saladi ya samaki iliyochanganywa na mayonezi, ambayo barafu yake ilikuwa imeyeyuka yote ilipofika saa saba, chombo kikielea majini katika joto la mchana wa Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili, na kinachohitaji baridi kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Saladi ile ilikuwa pale tangu mlango ulipofunguliwa. La pili ni soseji za nguruwe na za ng'ombe, zilizowekwa jirani zikitumia koleo moja. Vibao vilikuwepo na viliandikwa vizuri, lakini koleo halisomi kibao. Wenzetu wawili ni Waislamu, nao waliiacha meza yote ile ya mbele. Nilipomweleza meneja, koleo la pili lililetwa papo hapo na barafu ikabadilishwa, ila saladi ilibaki ile ile.

Rafiki yetu aliyewahi kufanya kazi Dubai alitukumbusha kwamba huko branchi ilikuwa mlo wa Ijumaa, hadi Januari 2022 serikali ilipohamishia mapumziko ya wiki Jumamosi na Jumapili. Alichokipenda huko ni bei mbili, ya wanaokunywa pombe na ya wasiokunywa. Hapa pombe hulipiwa kando kwa chupa au glasi, na kwa kundi kama letu, ambamo watatu hawanywi, hesabu ilikuwa rahisi na hakuna aliyembebea mwenzake.

Matunda nayapitia upesi. Machungwa yalikuwa ya Muheza na yalikuwa matamu kama yanavyostahili kuwa kwa msimu ule, lakini maembe yalikuwa magumu na hayana ladha, nami sielewi kwa nini hoteli inalazimisha embe mwezi Julai. Keki zilifanana zote. Kaimati zilikuwa nzuri, zikaisha mapema.

Wahudumu walikuwa wepesi wa kuondoa sahani na hawakutuharakisha, hata saa tisa ilipopita nasi tungali tunabishana kuhusu nani alikula zaidi. Bili ililetwa pamoja na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, bila kuombwa. Tutarudi mwezi Septemba, na tayari tumekubaliana kufika saa tano kamili, kupita meza ya mbele bila kusimama, na kumtuma mwenzetu wa Marangu atangulie kushika nafasi karibu na mtori.