Bastola ya kwanza kwa mkono wenye baridi yabisi: miezi 14 na Glock 19

Kidole gumba changu cha kulia hakikunjiki sawasawa asubuhi. Miaka 22 nimeshona midomo ya magunia ya mahindi kwa sindano ya mkono pale ghalani kwetu Njoro, na baridi yabisi imeweka makao kwenye vifundo. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu ndilo lililoamua bastola niliyonunua. Jina la kiwanda halikuamua, wala maneno ya muuzaji. Mtu akiniuliza achukue bastola gani ya kwanza, ya kulinda nyumba na ya kwenda nayo uwanjani kulenga shabaha, namwambia anioneshe mikono yake kwanza.

Sikukua nikitamani silaha. Mwaka 2021 wezi walituingilia nyumbani Kiamunyi, usiku wa siku tuliyouza mahindi mengi. Mbwa wetu wawili walikuwa wameshalishwa sumu. Baba Chebet alipigwa rungu begani na mpaka leo mkono ule haufiki rafu ya juu ya kabati. Tulipiga simu, na msaada ulipofika wezi walikuwa wameshaenda zao kitambo. Baada ya hapo tulianza na mambo mengine: taa za nje zinazowaka zenyewe mtu akipita, geti la chuma kwenye korido linalofungwa kila usiku, na kengele inayolia kwa majirani wanne. Huo ndio ulinzi wenyewe. Bastola ni ya saa ile geti limevunjwa na nimesimama chumbani na mjukuu nyuma yangu. Anayefikiria bastola na mlango wake wa nyuma bado ni wa mbao laini, pesa zile azipeleke kwa fundi wa kuchomelea kwanza.

Habari ya leseni nitaipita haraka. Cheti cha maadili mema kutoka DCI, idara ya upelelezi, ripoti ya daktari, mahojiano ya watu wa usalama, kisha Bodi ya Leseni za Silaha. Inachosha, na nadhani ni haki ichoshe. Mwishoni mwa 2018 serikali iliagiza kila raia mwenye bunduki ahakikiwe upya, na mtu asikudanganye kwamba kuna mlango wa nyuma. La kujua mapema ni kwamba chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, cheti huandikwa pia idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mazoezi hupangwa. Huwezi kujaza stoo risasi kama unga.

Maombi yalipokubaliwa nilienda Nairobi dukani. Kijana aliyenihudumia aliniangalia, akainama chini ya kaunta na kutoa kibastola kidogo kinachong'aa, cha risasi za .380. "Mama, hii ndiyo ya akina mama," akasema. Kilijaa kiganjani vizuri, kama simu. Nikajaribu kukikoki. Slaidi, kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma ili risasi iingie chembani, haikusogea. Nikajaribu tena, nikajaribu mara ya tatu nimekibana tumboni, ikarudi nusu tu. Akaniambia springi italegea, nitazoea. Jirani yangu mmoja alikuwa ameambiwa hivyo hivyo, akanunua, na hadi leo bastola yake hukokiwa na mumewe. Mume akisafiri, ile ni chuma cha kubanizia karatasi.

Nilikuja kueleweshwa baadaye kwa nini kidogo ndicho kilicho kigumu. Katika bastola nyingi za namna ile mtutu umekaza mahali pamoja, hausogei wala haujifungi na slaidi. Kinachozuia slaidi isirudi nyuma mapema risasi inapolipuka ni uzito wake na nguvu ya springi peke yake. Slaidi ni nyepesi, basi springi lazima iwe kali. Na bastola nyepesi hurusha mkono kuliko nzito. Hivyo mama mwenye mkono dhaifu anauziwa bastola ngumu kuliko zote kukoki na kali kuliko nyingi kupiga, ati kwa sababu inaingia kwenye mkoba. Hili liliniudhi na bado linaniudhi.

Aliyeniokoa ni mwanajeshi mstaafu anayefundisha watu shabaha nje ya mji wetu wa Nakuru, kwenye machimbo ya mawe ya zamani ambako ukuta wa nyuma ni mwamba na udongo. Sote tunamwita Afande. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama Chebet, usinunue kitu ambacho hujakipiga." Jumamosi mbili mfululizo, yeye akiwa kando ya bega langu, nilipiga bastola mbili kubwa.

Ya kwanza ilikuwa CZ 75, ile ambayo magazeti yetu huiita Ceska kila yanapoandika habari za ujambazi, mpaka jina limeharibika. Bastola yenyewe haina kosa. Waliibuni ndugu wawili, František na Josef Koucký, mwaka 1975 katika iliyokuwa Chekoslovakia, na hadi leo inatengenezwa kule Uherský Brod. Ni chuma tupu, karibu kilo nzima. Uzito ule unameza mshtuko: risasi za 9×19, yaani za milimita 9, zinaondoka na mkono unahisi kama mtu amekusukuma kidogo kukuita. Kwa mita 10 risasi zangu tano zilifunikwa na kisahani cha chai, siku yangu ya pili maishani kushika bunduki. Niliipenda kwa moyo wote.

Lakini slaidi ya CZ 75 hupita ndani ya fremu, haipandi juu yake kama ya bastola nyingine. Wanaojua husema ndiyo sababu moja ya utulivu wake. Kwa vidole vyangu maana yake ni kwamba kipande cha kushika ni kifupi, kama kushika ukingo wa sahani. Kila nikikoki mara nne, moja iliniponyoka. Tena kuna jambo la nyundo. Unavuta kifyatulio mara ya kwanza, mvuto ni mrefu na mzito. Ya pili na kuendelea ni mwepesi. Ukitaka kuirudisha kwenye hali ile ya kwanza na risasi imo chembani, katika modeli ya kawaida unalazimika kuishusha nyundo taratibu kwa kidole gumba huku umevuta kifyatulio. Gumba hilihili langu la asubuhi? Hapana. Iko modeli iitwayo BD yenye wenzo mdogo wa kuishusha nyundo kwa usalama, na mwenye kuipenda CZ 75 ningemwambia aitafute hiyo. Slaidi ni ileile, kwa hiyo mimi haikunifaa.

Ya pili ni Glock 19. Modeli hii imekuwepo tangu 1988, ni ndogo kiasi kuliko Glock 17 ya jeshi la Austria, inabeba risasi 15, na bila magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia mpinini, ina uzito wa kama gramu 600 kwa sababu fremu ni plastiki ngumu. Haina uzuri wa macho. Ila slaidi yake ni ndefu kwenda juu, ina mikwaruzo ya kushikia, na Afande alinifundisha neno moja lililobadilisha kila kitu: "Usivute slaidi. Sukuma bastola." Kiganja cha kushoto kinafunika slaidi yote kutoka juu, vidole vinne upande mmoja na kitako cha kiganja upande wa pili. Mkono wa kushoto unatulia palepale, wa kulia unasukuma mpini mbele kama unafungua droo iliyokwama, kisha unaachia slaidi irudi yenyewe. Vidole havifanyi kazi, mikono ndiyo inayofanya. Kumi kwa kumi. Nilirudia mpaka Afande akasema inatosha.

Mpini nao una vipande vya nyuma vya kubadilisha. Mimi nimeviondoa vyote, na kidole cha shahada kinafika kwenye kifyatulio bila kupinda kiganja. Mvuto wa kifyatulio ni uleule risasi ya kwanza hadi ya mwisho, hivyo kuna jambo moja tu la kujifunza.

Shabaha yangu ya kwanza na Glock ilikuwa aibu: risasi zilitapakaa chini kushoto kama maharagwe yaliyomwagika. Nikalaumu alama za kulengea. Afande hakubisha. Alichukua magazini, akaijaza akinipa mgongo, akaingiza humo risasi bandia mbili bila kuniambia zimekaa wapi. Nikapiga moja, ya pili, na ya tatu ikasema "tak" tu. Pale nikauona mdomo wa bastola umeinama chini karibu inchi mbili, na hakuna mlipuko wowote uliouinamisha. Ni mimi. Mwili ulikuwa unausubiri mshtuko na kuupiga chini kabla haujafika. Tangu siku hiyo, jioni tatu kwa wiki, risasi halisi zikiwa zimefungiwa chumba kingine, naweka sarafu ya shilingi 10 juu ya slaidi karibu na mdomo na kuvuta kifyatulio nikielekea ukuta wa mawe. Sarafu isianguke. Wiki ya kwanza ilianguka kila mara. Sasa kwa mita 10 nakifunika kisahani, na Ceska naikumbuka kwa upole tu.

Niseme wazi mambo mawili ya hatari. Glock haina kitufe cha usalama cha kubonyeza pembeni. Kuna kijiti ndani ya kifyatulio chenyewe, na kinga nyingine ziko ndani. Kidole kikivuta kifyatulio, inapiga. Kwa hiyo kidole hukaa ubavuni mwa fremu mpaka macho yameamua, na ikitoka nyumbani inakaa kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Pili, ili kuifungua kuisafisha lazima uvute kifyatulio. Mimi huchomoa magazini, nakoki mara tatu, naangalia chembani kwenye mwanga, natia kidole kidogo ndani nihisi pako wazi, ndipo naelekeza kwenye ndoo ya mchanga iliyoko stoo na kuvuta. Kila mara. Ndoo hiyo haitumiki kwa kazi nyingine.

Kuhusu nyumba: risasi ya 9×19 haisimami kwenye mabati, wala mbao, wala ukuta mwembamba wa kugawa vyumba. Kuta zetu za nje ni mawe, za ndani sehemu kubwa ni mbao. Kwa hiyo mchana mmoja, bastola ikiwa imefungiwa, mimi na Baba Chebet tulisimama mlangoni mwa chumba cha kulala na kunyoosha mkono mtupu pande zote, tukijiuliza risasi ingeishia wapi. Kuelekea jikoni inaishia kwenye mawe. Kuelekea sebuleni inatoka dirishani, inavuka ua, na upande wa pili wa ua wamelala watoto wa jirani. Upande ule tulikubaliana hakuna risasi, liwe liwalo. Tukahamisha kitanda cha mjukuu kisiwe kwenye mstari wa jikoni. Wakili naye alitueleza kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, kwamba nguvu unayotumia kujilinda hupimwa na hatari iliyokuwepo. Mtu anayekimbia na televisheni aende nayo.

Sefu imefungwa kwa bolti ukutani, namba tunazijua wawili. Mjukuu ana miaka sita na anajua kwamba kabati lile si la kuchezea. Lakini situmainii ujuzi wake, natumainia chuma.

Kasoro za Glock yangu. Alama za kulengea za kiwandani ni za plastiki, na ya nyuma imeshaanza kulika kwa kuingia na kutoka kwenye ala. Kujaza magazini ndiko kunakoniumiza zaidi: hadi risasi ya 10 naweza, kuanzia 11 gumba linalia. Kwenye kasha huja kifaa kidogo cha plastiki cha kusukumia risasi, na bila hicho ningekuwa nimeacha. Mshtuko wake ni mkali kuliko wa Ceska, na baada ya risasi 50 kifundo cha mkono huniambia twende nyumbani. Bei yake tulilipa kwa ng'ombe wawili wa maziwa, na viziba masikio vizuri ni gharama juu ya gharama. Usivikwepe. Mlio wa bastola hufika karibu desibeli 160, na sikio huumia kabisa kuanzia 140.

Nyota nne kati ya tano, na ile moja iliyobaki nairudisha siku nitakapobadilisha alama kwa za chuma.

Chebet amerudi kutoka Eldoret na yeye ameanza kuomba leseni. Ana mikono mirefu ya baba yake, na vidole vizima. Nimemwambia Afande siku ikifika amwekee Ceska mezani kwanza.