LinkedIn Mikononi mwa Muuza Vifungashio

Ofisi yetu ya Dar es Salaam huuza vifungashio vya karatasi: mifuko ya unga na ya kahawa ya kusaga, maboksi ya keki, na mifuko ya kubebea inayochapwa nembo ya duka. Soko hili lilipanuka baada ya Serikali kupiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, na washindani nao wakaongezeka, hata ikawa kuacha sampuli mapokezi na kungoja kupigiwa simu hakutoshi tena. Sampuli iliyoachwa mapokezi, kwa nilivyoona, aghalabu huishia kubeba chakula cha mchana cha mtu. Ndipo nilipoanza kuutumia LinkedIn, mtandao wa kijamii wa watu wa kazi na biashara, kwa dhati, na sasa, baada ya miaka miwili, naweza kuupima kwa jicho la mfanyabiashara mdogo anayehesabu muda na fedha zake.

LinkedIn ulifunguliwa kwa umma Mei 2003, ukanunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2, na idadi ya wanachama wake ikavuka bilioni moja mwaka 2023. Hesabu hizo ni kubwa, ila kwangu wenye maana ni watu mia mbili au tatu tu: maofisa ununuzi na ugavi, mameneja wa uzalishaji, na wamiliki wa viwanda vidogo vya kusindika nafaka na kahawa. Instagram hunionyesha mtu na sherehe zake, lakini LinkedIn hunionyesha cheo chake, mahali anapofanya kazi sasa na mahali alipokuwa kabla ya hapo, na hilo la mwisho lina thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ofisa aliyehamia kampuni mpya mara nyingi ndiye anayetazama upya orodha ya wazabuni. Kwa kazi hiyo ya kumtambua mwenye uamuzi ningeupa mtandao huu alama nne kati ya tano. Kwa kuuza moja kwa moja nisingezidisha mbili.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kwenye wasifu. Chini ya jina kuna mstari unaopokea herufi 220, nami nilikuwa nimeandika "Mkurugenzi Mtendaji" basi, maneno yasiyomwambia mnunuzi chochote. Nilipoandika tunachotengeneza, kwa vipimo gani na tuko mji gani, watu waliofungua wasifu wangu wakaanza kuwa wale niliowahitaji. Hapa ipo kasoro ya kutajwa: Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za kuendeshea mtandao huu, na maofisa wengi hutafuta kwa Kiingereza hata kama huzungumza Kiswahili kutwa nzima. Nimeishia kuandika maelezo kwa lugha zote mbili, jambo linalochosha lakini linalosaidia.

Kutuma mwaliko ni kupiga hodi, na hodi ina adabu yake. Akaunti ya bure huruhusu mialiko michache tu kwa mwezi yenye ujumbe wa kuambatanisha, na ujumbe wenyewe hauzidi herufi 200, kwa hiyo nafasi hizo huzitunza kwa watu ambao nimekwisha kusoma habari za kampuni zao. Miezi ya mwanzo nilikuwa nikibandika orodha ya bei mara tu mtu anapokubali mwaliko, na karibu wote walinyamaza. Siwalaumu, maana nani hujibu mgeni aliyeingia ndani akaanza kutandaza bidhaa kabla ya salamu? Baadaye nikaanza kuuliza swali moja la kikazi, kwa mfano kama kahawa yao hukaa dukani muda mrefu kiasi cha kuhitaji mfuko wenye vali ya kutolea hewa. Ofisa mmoja wa kiwanda cha kukaanga kahawa Moshi alijibu swali hilo baada ya wiki sita, akaomba sampuli, kisha mazungumzo yakahamia WhatsApp, ikafuata ankara kifani na oda ya mifuko 3,000. Njia hiyo ndiyo ya kawaida: LinkedIn hukufikisha mlangoni, na biashara yenyewe humalizikia kwenye simu.

Kuhusu machapisho, yaliyojaa kauli za kutia moyo hupata makofi mengi na oda hakuna. Chapisho langu lililofanya kazi kuliko yote lilikuwa picha ya mfuko wetu wenyewe ulioachia gundi kwa unyevu wa Tanga, pamoja na maelezo ya jinsi tulivyobadili gundi, na wasindikaji wawili wa ukanda wa pwani walinitafuta wiki hiyohiyo. Ukurasa wa kampuni ufunguliwe, kwa kuwa mnunuzi makini huutazama kabla ya kulipa, lakini usitegemewe kuleta wateja.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama inafaa kulipia. Akaunti ya bure ina kikomo cha utafutaji wa kibiashara, ambacho hufunguka tena kila tarehe mosi ya mwezi, na anayetafuta wateja kila siku hukifikia kabla ya mwezi kuisha. Kifurushi cha kulipia cha Premium Business hukiondoa kikomo hicho kwa kutafuta watu kwa majina na vyeo, na hutoa ujumbe 15 wa InMail kwa mwezi wa kuwaandikia wasiounganishwa nawe. Kila ujumbe unaojibiwa ndani ya siku 90 hurudishiwa nafasi yake, utaratibu ambao kwa maoni yangu ni wa haki, kwani unamzawadia mwandishi mwangalifu. Kifurushi kingine cha kulipia, Sales Navigator, kina vichujio bora zaidi vya utafutaji, ila gharama yake inafaa kampuni yenye timu ya mauzo, na duka la watu watano halina sababu ya kuibeba. Mimi hulipia miezi miwili kabla ya msimu wa mikataba ya mwaka, kisha narudi kwenye akaunti ya bure. Anayeanza na mwezi wa majaribio aandike tarehe ya mwisho kwenye kalenda, kwa sababu baada ya hapo kadi hukatwa yenyewe. Na aliyejiunga kupitia iPhone akumbuke kwamba usajili huo husitishwa kwenye mipangilio ya Apple, kwani kuifuta programu peke yake hakuzuii makato.