Uzoefu wangu na kitabu cha sumu cha Ambroise Paré (Paris, 1582)

Wenzangu wa famasi na manesi ambao Kifaransa kinapanda, kitafuteni hiki. Kinaitwa Discours, kina mambo manne, mumia (maiti zilizokaushwa zilizotumika kama dawa), pembe ya yule mnyama wa hadithi wa pembe moja, sumu na tauni. Nakala ya karatasi ni adimu, mi nimesoma iliyoskaniwa kwenye Gallica, maktaba ya mtandaoni ya Ufaransa, bure kabisa. Kazi ipo kwenye maandishi, s nyingi zimechapwa kama f, u na v zinabadilishana, mwanzoni utahangaika ila ukizoea inateleza.

Paré alikuwa daktari wa upasuaji wa wafalme, na kilichonikamata ni kwamba hakubali tu dawa kwa sababu ni ya bei mbaya. Kule Clermont, mji wa Ufaransa, mfalme wao Charles IX aliletewa jiwe la bezoar, lile la tumboni mwa mbuzi, eti linazima kila sumu. Paré akasema haiwezekani, sumu haziui kwa njia moja kwahiyo dawa moja haiwezi kuzimaliza zote. Mwenye jiwe akabisha. Akaletwa mpishi aliyehukumiwa kunyongwa kwa kuiba sahani mbili za fedha, akaambiwa anywe sumu kisha apewe jiwe, akipona yuko huru, akakubali. Akafa baada ya kama masaa saba, anatambaa kama mnyama, damu zinatoka masikioni na puani, analia kwamba bora angenyongwa. Mfalme akaamuru jiwe litupwe motoni. Nilishindwa kuendelea kusoma pale, jibu lilipatikana ndio lakini kwa roho ya mtu, na mi hilo siwezi kuliita sayansi nzuri hata kama Paré alikuwa sahihi.

Jaribio la pembe ndo nimelipenda, watu waliamini inaua wanyama wa sumu na chura alihesabiwa mmoja wao, basi aliloweka pembe kwenye maji akamweka chura humo, siku tatu baadaye chura mzima kabisa. Na watu walikuwa wananunua hiyo pembe kwa bei kuliko dhahabu!

Kuna nge, buibui, mbwa wa kichaa, hadi samaki taa na mwiba wake. Basiliski, yule nyoka wa hadithi, naye yumo, hapo kawafuata tu waandishi wa kale. Sehemu kali ni alipong'atwa na nyoka yeye mwenyewe kwenye duka la dawa mjini Montpellier, Ufaransa, kwenye ncha ya kidole kati ya ukucha na nyama, akakifunga kwa nguvu juu ya jeraha halafu akapaka teriaki, dawa ya kale ya mchanganyiko dhidi ya sumu, iliyoyeyushwa kwenye pombe kali, akapona. Jamani hiyo ya kufunga msiige, siku hizi unatuliza mguu au mkono usitikisike unawahi hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka, hakuna kamba, hakuna kuchanja wala kunyonya.

Nyota nne kati ya tano. Moja nimeitoa kwa ajili ya maandishi. Sasa hivi naingia sehemu ya tauni.