Ada za kucheza gemu mtandaoni: ulipie ipi ukiwa Nairobi?

Ijumaa moja saa nne usiku mdogo wangu alinipigia kutoka Umoja. "Kaka, nisaidie na elfu moja mia tatu, nimefungiwa." Nikadhani ni mwenye nyumba. Kumbe ni PlayStation. Alikuwa amenunua EA FC, gemu ya mpira, akataka kucheza na wenzake mtandaoni, mashine ikamwambia alipe kwanza PlayStation Plus, ada ya kucheza mtandaoni. Nimeulizwa habari za ada hizi mara nyingi mno, kwa hiyo leo nazipanga, kuanzia ile ninayoipendelea.

Namba moja: usilipe chochote. Sitanii. Fortnite, Warzone, Rocket League na eFootball ni gemu za bure, na kwenye PlayStation unazicheza mtandaoni bila ada ya Plus. Xbox nao waliondoa sharti hilo kwa gemu za bure Aprili 2021. Kama kijana wako anashinda kwenye Fortnite tu, pesa ya ada mnunulie bando.

Namba mbili ni PlayStation Plus Essential, lakini ya mwaka mzima. Hii ndiyo ninayowaambia wengi wenye PS4 na PS5 wachukue. Inafungua mechi za mtandaoni za gemu za kununua kama EA FC, inakuletea gemu chache kila mwezi, na inakuhifadhia maendeleo yako mashine ikiharibika. Duka la Marekani lilipandisha bei ya mwaka Septemba 2023 hadi dola 79.99; wakati huo ya mwezi ilikuwa 9.99 na ya miezi mitatu 24.99. Ukikadiria dola kwa shilingi 129, mwaka ni kama 10,300. Anayelipa mwezi kwa mwezi anamaliza mwaka akiwa ametoa zaidi ya 15,400 kwa kitu kilekile. Najua elfu kumi kwa mpigo si mchezo, hasa Januari. Lakini mkiwa ndugu wawili nyumba moja, changeni: mmoja akilipia na kuiweka mashine ya nyumbani kuwa mashine yake kuu, akaunti ya mwenzake kwenye mashine hiyohiyo nayo inaingia mtandaoni. Na mjue tu kwamba zile gemu za kila mwezi hufungwa ada ikiisha, hufunguka ukilipa tena.

Extra, ngazi ya Plus iliyo juu ya Essential, dola 134.99 kwa mwaka, inakupa maktaba ya mamia ya gemu. Inamfaa mtu mwenye faiba nyumbani na hamu ya kuonja kila kitu, kwa sababu gemu moja kubwa yaweza kula GB 80 au 100. Kwa bando la simu, sahau. Ukiwa wa kucheza gemu mbili kwa mwaka, CD iliyotumika ya mjini, ambayo unaweza kuibadilisha ukiichoka, itakugharimu pungufu ya hiyo. Premium, ngazi ya juu kabisa, dola 159.99 kwa mwaka, iruke kabisa: sehemu kubwa ya utamu wake ni kucheza moja kwa moja kutoka seva (kompyuta za mbali) za Sony, wenye PlayStation, bila kupakua, na huduma hiyo haijafunguliwa Kenya.

Wa Xbox wana Game Pass, ada yao ya namna hiyohiyo, nayo ina ngazi zake. Essential ni dola 9.99 kwa mwezi na inatosha kwa mechi za mtandaoni. Ultimate, ngazi ya juu, ilikuwa kipenzi changu mpaka Oktoba 2025, iliporuka kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi. Hapo nikashuka. Nintendo ndio nafuu kuliko wote, dola 19.99 kwa mwaka, au 34.99 kwa kifurushi cha familia cha akaunti nane.

Sasa kulipa kwenyewe, ambako ndiko watu huliwa. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation, kwa hiyo nyingi za hapa ni za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini (huko bei huandikwa R, yaani randi), na nchi ikishaandikwa haibadilishwi. Kadi ya benki ya Nairobi mara nyingi hukataliwa kwa sababu anwani haiendani na duka. Ndiyo maana watu hununua kadi za kujazia akaunti, zile za herufi na namba 12, na kadi ya nchi moja haiingii kwenye akaunti ya nchi nyingine. Mimi niliwahi kumtumia muuzaji mmoja M-Pesa usiku, akaniletea namba za Uingereza. Akaunti yangu ni ya Marekani. Nilizijaza mara tano, nikidhani nakosea O na sifuri. Asubuhi simu yake haikushikwa.

Basi ukinunua mjini, ingia na simu yako kwenye akaunti na ujaze namba hapohapo, mbele ya muuzaji, kabla hujatoka dukani. Anayekuuzia "akaunti yenye Plus" kwa bei ya kutupa mkwepe. Nywila anayo, na siku akitaka ataibadilisha. Na kama kadi yako ilikubaliwa, zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo.

Halafu usitarajie ada ipunguze kukwama kwa mechi. Hilo ni suala la intaneti yako na umbali wa seva. Vuta waya kutoka rauta hadi kwenye mashine, utaona tofauti bila kulipa mtu.

Mdogo wangu, kabla sijamtumia chochote, nilimwambia afungue duka kwenye mashine anisomee bei ya Essential. Akakaa kimya kidogo. "Kaka, mbona mbele ya bei kuna herufi R?"