Rimu za alumini au kaboni, uchukue zipi?
Kama baiskeli yako ya mbio bado inatumia breki za kubana rimu, mi nasema chukua alumini. Magurudumu ya alumini ya Campagnolo Zonda ni kama gramu 1,540 kwa pea, na kaboni nyingi za kina cha milimita 50 (upana wa rimu kutoka kwenye tairi kuelekea katikati) zinacheza karibu 1,500, sasa gramu 40 si ni fundo moja la maji jamani! Ila kwenye tambarare kaboni inakata upepo, hapo sibishi. Shida ni ukishuka mteremko mrefu wa Mai Mahiu, Kenya, unashika breki muda mrefu rimu inachemka, kaboni ya bei chee inaweza kuvimba ikaharibika kabisa, na upepo wa ubavuni unagonga hizo rimu za kina unakusukuma huku lori liko nyuma yako. Mwenye breki za diski hiyo ya joto haimhusu, achukue kaboni kama mfuko unaruhusu.