Kufikisha Wi-Fi hadi mwisho wa shamba: vifaa vya kununua na vya kuacha kwa wakulima wa Lubumbashi

Mashamba mengi yaliyo kando ya barabara za Kasenga, Kipushi na Likasi yamepangwa kwa namna inayofanana. Nyumba au ofisi iko karibu na lango, na hapo ndipo ilipo modemu ya 4G au dishi la satelaiti, ilhali mabanda ya kuku, pampu ya kisima na kibanda cha mlinzi vimetawanyika kwa umbali wa mita mia mbili, mia tano, hata kilomita nzima. Mwenye shamba anataka kuona kamera za banda akiwa mjini, na msimamizi anataka kutuma picha ya mahindi yaliyoshambuliwa na viwavi bila kutembea kwanza hadi ofisini. Mwongozo huu unapanga vifaa vinavyouzwa kwa kazi hiyo kuanzia kinachofaa zaidi, na kigezo chake ni kimoja: je, kifaa hicho kitakuwa bado kinafanya kazi usiku wa mwezi wa Februari, mahindi yakiwa marefu kuliko mtu, mvua ikinyesha na umeme wa SNEL ukiwa umekatika?

Kigezo hicho ni muhimu kwa sababu watu wengi hununua na kufunga vifaa wakati wa kiangazi, shamba likiwa tupu na miti ya miombo ikiwa imepukutisha majani, na kila kitu kinakwenda vizuri. Majani mabichi yamejaa maji, na maji hunyonya mawimbi ya Wi-Fi, kwa hiyo njia iliyokuwa wazi mwezi wa Agosti inaweza kuwa imezibwa kabisa miezi sita baadaye. Anayepima shamba lake wakati wa ukavu na afikirie mimea itafika wapi msimu wa mvua, kisha aongeze urefu wa mlingoti kulingana na hilo. Mawimbi pia hayapiti kwenye mstari mwembamba kama uzi, bali yanahitaji nafasi pande zote za mstari huo. Kwa antena za gigahezi 5 zilizo umbali wa kilomita 1, nafasi hiyo ina nusu kipenyo cha takriban mita 3.6 katikati ya njia, na zaidi ya nusu yake inapaswa kuwa haina kizuizi. Kwa hiyo kuona paa la banda kwa shida juu ya mahindi hakutoshi.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, jozi ya antena za mwelekeo, yaani mbili zinazotazamana, moja ikifungwa kwenye nyumba na nyingine kwenye banda au mahali panapohitaji intaneti. Mifano inayojulikana ni CPE510 ya TP-Link, NanoStation na LiteBeam za Ubiquiti, pamoja na SXT ya MikroTik. Antena ya namna hii hukusanya nguvu yake upande mmoja badala ya kuimwaga pande zote, ndiyo maana kifaa kidogo kisichozidi wati 10 kinaweza kuvuka kilomita nzima bila taabu. Katika soko la kimataifa aina ndogo huuzwa kwa takriban dola 40 hadi 60 kila moja, kabla ya usafiri na ushuru. Kwenye banda, antena ya pili huunganishwa kwa kebo na kituo kidogo cha kugawa Wi-Fi, ambacho ndicho simu na kamera zitakachokitumia. Wauzaji wengine hawalitaji hilo, na mkulima hurudi nyumbani na antena mbili zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe huku simu ya mfanyakazi haipati chochote.

Chagua gigahezi 5 kwa kiungo hiki ikiwa njia ni wazi. Gigahezi 2.4 huvumilia majani kidogo zaidi, lakini haivuki msitu, na ina chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Kama katikati kuna miti ambayo hutaki kuikata, suluhisho ni kwenda juu, na hapa ardhi ya Katanga yenyewe inasaidia. Vichuguu vikubwa vya mchwa vinavyosimama katika mashamba yetu, vingine vikizidi mita 5, ni msingi mzuri wa mlingoti mfupi. Bomba la mita 3 juu ya kichuguu linafikia urefu ambao mlingoti wa chuma uliosimama chini ungehitaji nyaya nyingi za kuushikilia. Kichuguu hicho kisiwe miongoni mwa vile vinavyochimbwa udongo wa matofali, na bomba lizamishwe vya kutosha kustahimili upepo wa dhoruba.

Gharama ya kweli ya jozi hii iko kwenye umeme, si kwenye antena. Umeme ukikatika nyumbani, kiungo chote kinakufa hata kama banda lina sola yake, kwa hiyo pande zote mbili zinahitaji betri. Hesabu yake si ngumu. Antena ya wati 8 na kituo cha kugawa Wi-Fi cha wati 8 hutumia wati 16, yaani wati-saa 384 kwa siku nzima. Betri ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo inakupa siku moja na nusu hivi bila jua. Paneli ya wati 150 inatosha siku za kawaida. Katika msimu wa mvua, mawingu yanapokaa siku kadhaa, ningenunua ya wati 200 na kuacha kufikiria habari hiyo. Kabla ya kulipa, uliza pia antena inatumia umeme wa namna gani kupitia kebo: nyingi za bei nafuu hutumia volti 24, nyingine hutumia kiwango cha volti 48, na kuchanganya adapta zake kunaweza kuunguza kifaa siku ya kwanza.

Nafasi ya pili ni kebo ya nyuzi za kioo iliyozikwa ardhini. Kwa uthabiti inaishinda hata jozi ya antena, na nimeiweka ya pili kwa sababu tu ya kazi ya kuchimba mtaro. Haijali majani wala mvua, haisafirishi radi kutoka jengo moja hadi jingine, na katika mkoa wa shaba kama wetu ina faida nyingine kubwa: hakuna atakayeichimbua ili kuiuza kwa uzito. Nunua iliyokwisha kufungwa viunganishi kiwandani, yenye ganda gumu lisilo la chuma dhidi ya panya na fuko, pamoja na vigeuzi viwili vya kuirudisha kwenye kebo ya kawaida. Mashine ya kuunganisha nyuzi zilizokatika ni ghali mno kwa shamba moja, kwa hiyo zika kebo chini ya kina cha jembe na uchore ramani ya mahali ilipopita. Kebo ya kawaida ya shaba inafaa tu ndani ya mita 100, ambao ndio mpaka wake wa kiufundi, na kati ya majengo mawili inaweza kubeba mshtuko wa radi hadi ndani ya modemu.

Pale ambapo kila kitu kiko ndani ya lupango moja, yaani kiwanja kimoja chenye uzio, tuseme mita 100 hivi kutoka nyumbani, jozi ya antena si lazima. Kituo kimoja cha Wi-Fi cha kufungwa nje, kilichowekwa juu ya paa, kinatosha, na hicho ndicho cha tatu kwangu. Tahadhari na matangazo yanayoahidi mita 500 au zaidi. Mawasiliano ni ya pande mbili, na simu ina nguvu ndogo sana ya kurusha, kwa hiyo inaweza kusikia kituo vizuri na kuonyesha alama zote za mtandao, huku kituo hakiisikii na ujumbe hautoki. Kuongeza nguvu ya kituo hakuiponyi simu.

Kabla ya kununua chochote, peleka simu mwisho wa shamba upime mtandao wa Vodacom, Airtel na Orange pale pale. Ikiwa mmoja wao una 4G nzuri, modemu ya pili yenye laini yake inaweza kuwa nafuu kuliko vifaa vyote nilivyotaja. Nimeiweka ya nne kwa sababu utalipia vifurushi viwili kila mwezi, na kamera za banda hazitakuwa kwenye mtandao mmoja na kinasio, yaani kifaa kinachohifadhi picha za kamera, kilichoko ofisini.

Seti za vituo vingi vinavyopokezana mawimbi zimetengenezwa kwa nyumba zenye vyumba vingi. Kuta na paa za mabati za mabanda huzuia mawimbi yake, na kwenye seti nafuu kila mruko kutoka kituo kimoja hadi kingine hupunguza kasi kwa takriban nusu. Repita ya kuchomeka ukutani, inayopokea Wi-Fi na kuirusha tena, ni ya mwisho kabisa: ina udhaifu huo huo, haina kinga ya mvua, na hufa umeme unapokatika. Vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme havifai kwa shamba linalobadilisha kati ya SNEL, jenereta na sola.

Hakuna kifaa kati ya hivi kinachoongeza kasi ya chanzo. Kamera nne zenye picha safi zinaweza kuhitaji megabiti 8 kwa sekunde kwa pamoja, kiasi ambacho modemu nyingi za 4G haziwezi kutuma kwenye intaneti mfululizo, wala vifurushi kuvumilia. Weka kinasio cha kamera hapo shambani ili picha zizunguke ndani bila kugusa intaneti, na utazame kutoka mjini unapohitaji tu.

Kwenye risiti ile ile ya antena ongeza vitu vitatu ambavyo muuzaji huenda asivitaje: kebo ya nje yenye ganda la kinga, kizuia radi kwa kila upande, na fimbo ya shaba ya kuzika ardhini iliyofungwa na mlingoti kwa waya mnene. Kuanzia Novemba hadi Machi radi zetu ni kali, na mlingoti juu ya kichuguu ndio kitu kirefu kuliko vyote uwanjani. Fimbo hiyo ifungwe siku ile ile mlingoti unaposimamishwa, wala isisubiri mvua ya kwanza.